Kihamba Kina Mimea Mingi, Lakini Ni Ipi? Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya Mlima Kilimanjaro inayoonyesha mahali ambapo vihamba, yaani mashamba ya mimea mchanganyiko yanayozunguka nyumba za Wachagga, vinapakana na msitu wa hifadhi, na chini yake tukaandika kwamba bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, "huishia pale msitu unapoishia". Maneno hayo machache yametuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na baadhi ya walioziandika wana kila haki ya kutulaumu. Tumechagua barua tano kati ya hizo.

*

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari huku Marangu. Nilipowaonyesha wanafunzi picha yenu, mmoja alinyoosha mkono akasema kwamba kihamba cha babu yake kina aina nyingi za mimea kuliko alizoziona katika ziara yetu ya msituni. Darasa zima lilicheka. Nilipofika nyumbani na kutafakari, niligundua kwamba mimi mwenyewe sikuwa na jibu la kumpa. Je, mwanafunzi huyu alikosea?*

Hakukosea, Mwalimu, na tunakuomba umwambie hivyo mbele ya wale waliomcheka. Waliokosea ni sisi. Mtafiti wa mimea Andreas Hemp, ambaye ameuchunguza uoto wa Kilimanjaro kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2006 hesabu ya mimea inayopatikana katika vihamba vya Wachagga, naye alikuta spishi zipatazo 520, ambazo zaidi ya 400 kati yake hazikupandwa na mtu yeyote bali zimeota zenyewe. Idadi ya namna hiyo haipatikani kwa urahisi katika ardhi inayolimwa, popote pale duniani.

Sababu yake inaonekana kwa macho mtu akisimama katikati ya kihamba na kutazama juu. Wazee walioanzisha vihamba hawakufyeka msitu wote na kubakiza ardhi tupu. Waliacha mifuruanje na miringaringa kwa ajili ya kivuli, mbao na majani, wakaacha pia misesewe, ambayo gome lake linahitajika katika kutengeneza mbege, pombe ya ndizi. Chini ya miti hiyo wakapanda migomba, na kahawa ilipoletwa na wamisionari wa Kilema mwaka 1898 ilikuta kivuli kimekwisha kuandaliwa. Chini ya kahawa kuna magimbi, maharage na majani ya kulishia ng'ombe, kando kando ya mpaka yamesimama masale, na katikati ya yote hayo mfongo unapitisha maji. Kila ngazi ya kivuli, unyevu na mwanga ni nyumba ya kiumbe fulani, na kwa kuwa kihamba kina ngazi nyingi, wapangaji wake nao ni wengi.

Hata hivyo, wewe unayeita majina kila asubuhi utalielewa upesi jambo linalofuata. Daftari la mahudhurio linaweza kuonyesha wanafunzi 40 mwaka huu na 40 tena mwaka ujao, huku majina yote yakiwa yamebadilika. Anayesoma jumla peke yake atasema hakuna kilichotokea. Katika zile spishi 520 kuna mimea ya msituni iliyosalia, lakini pia kuna mimea ya mashamba ya wazi, kuna magugu ya kando ya njia ambayo utayakuta vile vile Arusha na Morogoro, na kuna mimea iliyovuka bahari kuja hapa. Mimea na wanyama wanaotegemea kivuli kizito, magogo yanayooza na mashina yaliyofunikwa na kuvumwani hawapati mbadala wa mambo hayo kihambani, hata idadi ya jumla ikipanda namna gani.

Kuna jambo lingine ambalo ziara ya siku moja haiwezi kulionyesha. Msitu wa Kilimanjaro haufanani toka chini hadi juu: kadiri unavyopanda, jumuiya moja ya viumbe huipisha nyingine, ukitoka msitu wa chini ukaingia ukanda wa mkulo, ambao wengine huuita mseri, kisha ukanda wa podo, kisha miti ya erika iliyopinda kwa baridi. Mwanafunzi wako alipita kwenye njia moja, katika mwinuko mmoja, akaona mimea iliyokuwa usawa wa macho yake. Vihamba, kinyume chake, hufanana sana kutoka kijiji hadi kijiji, kwa sababu watu wanaovitunza wanataka mambo yale yale: ndizi, kahawa, kivuli na malisho. Ukilinganisha kiraka kimoja cha kihamba na kiraka kimoja cha msitu, huenda kihamba kikashinda. Ukijumlisha vihamba vyote kwa upande mmoja na msitu wote kwa upande mwingine, ulinganisho unakuwa tofauti kabisa.

Tunapendekeza darasa lako lifanye zoezi lisilohitaji fedha. Wanafunzi wapime eneo la hatua kumi kwa kumi kihambani na lingine la ukubwa huo huo msituni, kwa ruhusa ya wahifadhi, waandike kila aina ya mmea wanayoiona hata kama hawajui jina lake, kisha wakate kwa mstari aina zote zinazoonekana katika orodha zote mbili. Mazungumzo ya darasa yaanzie kwenye zile zitakazobaki bila kukatwa.

*

*Mhariri, pokea salamu. Baba zetu walipokosa kihamba cha kurithi huko juu walishuka tambarare, wakafyeka pori na kulima mahindi. Sasa bwana shamba mmoja ametuambia kwamba kilimo chetu kinapunguza viumbe kuliko kilimo cha ndugu zetu wa mlimani. Wao walifyeka msitu mkubwa, sisi tulifyeka vichaka vya miiba tu. Hii inawezekanaje? — Mkulima, Himo*

Mzee wetu, tunaelewa kwa nini kauli hiyo imekuuma, maana inasikika kana kwamba aliyekosa urithi analaumiwa kwa mara ya pili. Lakini kuhusu viumbe, bwana shamba huyo ana ushahidi.

Kundi la watafiti lililoongozwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, lilichagua viwanja 60 katika Mlima Kilimanjaro, kuanzia mita 870 hadi mita 4,550 juu ya usawa wa bahari. Baadhi ya viwanja vilikuwa katika uoto wa asili wa kila ukanda, na vingine katika ardhi iliyobadilishwa na binadamu: mashamba ya mahindi, vihamba, mashamba makubwa ya kahawa, nyasi za kukatia mifugo, misitu iliyokatwa miti na maeneo yaliyoungua. Katika viwanja hivyo hivyo walihesabu mimea, wanyama wa makundi mengi na hata vijidudu vya udongoni, badala ya kufuata njia iliyozoeleka ambapo mtaalamu wa ndege huenda kwake na mtaalamu wa mchwa huenda kwake. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2019, Marcell Peters akiwa mwandishi wa kwanza, yalionyesha kwamba matumizi makali ya ardhi hupunguza idadi ya spishi za mimea na wanyama zaidi katika nyanda kavu za chini kuliko katika miteremko yenye unyevu.

Jembe ni lile lile; kilicho tofauti ni mahali linapotua. Huko juu mvua ni nyingi, katika ukanda wa kati wa msitu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo ardhi iliyojeruhiwa hufunikwa na majani mapema, na tena kihamba hakikuondoa kivuli chote. Shamba la mahindi la tambarare hulimwa upya kila mwaka, na baada ya mavuno ardhi hubaki wazi chini ya jua la miezi mingi bila mvua. Mgunga mmoja uliokuwa umesimama pale ulikuwa kivuli, ghala la mbegu, mahali pa kiota na sehemu pekee yenye udongo wa baridi kwa umbali wa hatua nyingi. Ukiondoka, unaondoka na wote waliouegemea. Ndiyo maana tunaomba tulipinge neno lako moja tu, na neno hilo ni "tu". Vichaka vya miiba si ardhi iliyokuwa ikingoja kazi. Tumezoea kuuheshimu msitu kwa sababu ni mrefu, na kwa mazoea hayo hayo tumeyadharau mapori ya migunga, ambayo yana jumuiya yake ya ndege, wadudu, nyasi na wanyama wasioweza kuhamia mlimani kwa sababu huko kuna baridi na maji mengi mno kwao.

Hata hivyo ndugu zako wa juu wasishangilie mapema. Utafiti huo huo uliangalia pia ni spishi zipi zilizopo, na hapo sura ikageuka: jumuiya za mimea zilibadilika zaidi katika maeneo makavu, lakini jumuiya za wanyama zilibadilika zaidi katika maeneo yenye unyevu. Yaani huko mlimani hesabu ya wanyama inaweza kutuliza moyo huku wanyama wenyewe wakiwa ni wengine. Watafiti walipima pia ni kiasi gani cha tofauti kati ya kiwanja na kiwanja kinaelezwa na sababu moja moja, na kiasi gani kinaelezwa na hali ya hewa na matumizi ya ardhi vikitenda kazi kwa pamoja: sababu moja moja zilieleza kwa wastani asilimia 30, na muungano wake asilimia 54. Mtu anayekuja na kanuni moja ya kilimo rafiki kwa viumbe, akitaka itumike Himo na huko juu Kibosho sawasawa, hajazisoma hesabu hizo.

Tambarare ina uzito mwingine usioonekana ukiwa ndani ya shamba moja. Mwaka 2018 Andreas Hemp na Claudia Hemp, ambaye ni mtaalamu wa panzi na senene, walieleza jinsi upanuzi wa mashamba na makazi unavyokata madaraja ya uoto wa asili yaliyokuwa yakiuunganisha Kilimanjaro na maeneo jirani, kiasi kwamba mlima unaelekea kuwa kisiwa. Mlima unaweza kulindwa vizuri ndani ya mipaka ya hifadhi, iliyopanuliwa mwaka 2005 ili kuujumuisha msitu, na bado ukapungukiwa kwa sababu ya yale yanayofanyika chini yake.

Hatukushauri uache mahindi, watoto wanakula. Yanayowezekana ni kuacha migunga michache isimame ndani ya shamba na kwenye mipaka yake, kutochoma mabua, na kuacha kingo za mito zijiotee zenyewe, jambo ambalo kwa vyovyote linadaiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyoweka umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa mto.

*

*Mbona mnaandika "bioanuwai" wakati wengine wanaandika "bayoanuai", na wengine "anuwai ya viumbe"? Na "jumuiya ya viumbe" ni kitu gani, ni sawa na makazi? — Msomaji, Zanzibar*

Maumbo yote matatu yanatumika, na tumechagua moja ili ukurasa usivurugike. Jumuiya ya viumbe na makazi si kitu kimoja. Makazi ni mahali pamoja na hali zake: udongo, kivuli, maji, joto. Jumuiya ni viumbe vyenyewe vinavyoishi mahali hapo na kutegemeana, kushindana au kulana. Ukikata mti wa kivuli umebadilisha makazi leo hii. Jumuiya itabadilika polepole, wakati mwingine kwa miaka mingi, na kuchelewa huko ndiko kunakowadanganya wengi.

*

*Huku kwetu Amani, wilaya ya Muheza, wazee wetu walilima iliki chini ya miti ya msituni bila kuikata yote. Kama kihamba kinasifiwa, kwa nini iliki yetu ilipigwa vita? — Kijana wa Usambara*

Kwa sura vinafanana, kijana wetu, ila kuna tofauti mbili kubwa.

Ya kwanza ni umri wa milima yenyewe. Kilimanjaro ni volkano changa kwa kipimo cha miamba, lakini Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na misitu yake imepata unyevu kutoka Bahari ya Hindi kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba viumbe vingi vilitokea humo na havipo kwingineko. Ua la zambarau la Usambara, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya katika miaka ya 1890 na leo limejaa madirishani kwa watu wasioijua Tanga, ni mfano unaojulikana zaidi. Spishi ikipotea kwenye shamba la kawaida, mara nyingi bado ipo kwa jirani. Ya Usambara haina jirani.

Ya pili ni namna iliki inavyolimwa. Mkulima wa iliki huacha miti mikubwa lakini husafisha kabisa kilicho chini yake, na kilicho chini yake ndicho msitu wa kesho: miche ya miti ile ile inayotoa kivuli. Mtu akipita leo ataona dari la majani limetulia, asitambue kwamba chini yake hakuna warithi. Baada ya miaka kadhaa rutuba hushuka, iliki huzaa kidogo, na mahali pake huja muhogo au mahindi. Kihamba ni tofauti kwa sababu samadi ya ng'ombe wa zizini hurudishwa ardhini, na miti ya kivuli hupandwa upya.

Wanaoumia kwanza ni ndege wa chini ya msitu. Mtafiti William Newmark alianza mwaka 1987 kuwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete na kuwaachia katika vipande vya msitu vya Usambara, vidogo kwa vikubwa, na aliona kwamba kadiri kipande kilivyokuwa kidogo na kilivyotengwa na vingine, ndivyo kilivyopoteza aina nyingi zaidi. Wengi wa ndege hao wana mabawa mazima na nguvu za kutosha, lakini hawathubutu kuvuka uwazi wa shamba. Hondohondo huvuka bila wasiwasi, na hapo ndipo kuna kichekesho kichungu: hondohondo ndiye aliyeusambaza msizi, mti uliopandwa Amani zama za kituo cha utafiti cha Wajerumani kilichoanzishwa mwaka 1902, na ambao baadaye ulijaza mapengo ya msitu uliokatwa magogo. Msizi ni mwenyeji kabisa huko Bukoba na Uganda. Huku Usambara mti huo ni mgeni, na umegeuka kuwa mgeni mwenye nyumba.

Kuhusu neno lako "ilipigwa vita", tunakiri kwamba sayansi ya iliki ni jambo moja na namna wakulima walivyoondolewa katika baadhi ya maeneo, pamoja na fidia zao, ni jambo jingine, na kwamba usahihi wa la kwanza hauhalalishi kila kilichofanyika katika la pili.

*

*Familia yetu ina kihamba Machame. Mimi na ndugu zangu tupo Dar es Salaam, na tumeamua kung'oa mibuni ya zamani na kupanda chotara. Mmoja anasema tukate mifuruanje yote ili kahawa ipate jua, mama hataki. Tumsikilize nani?*

Tungeanza kwa kumsikiliza mama, si kwa sababu ya adabu peke yake bali kwa sababu ndiye anayekiona kihamba kila siku. Mibuni chotara inayotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye makao yake Lyamungu, ambapo si mbali na kwenu, ilizalishwa ili istahimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Ustahimilivu huo umo ndani ya mbuni wenyewe. Haupatikani kwa kukata mti uliosimama juu yake.

Huko huko Kilimanjaro yalifanyika majaribio, yaliyochapishwa mwaka 2014 na Alice Classen na wenzake, ambapo baadhi ya mibuni ilizungushiwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, na baadhi ya maua yakafunikwa ili nyuki na wadudu wengine wasiyatembelee. Mibuni iliyofikiwa na ndege na popo ilishika matunda zaidi kwa takriban asilimia 9, kwa kuwa wadudu waharibifu waliliwa, na maua yaliyotembelewa na wachavushaji yalitoa matunda mazito zaidi kwa takriban asilimia 7. Arabika inaweza kujichavusha yenyewe, na wakulima wengi huishia hapo wakaamini kwamba nyuki hawana kazi kwao; kumbe wana kazi, nayo inaonekana kwenye mizani.

Tusikudanganye kwamba mkikata mifuruanje mitatu ndege watatoweka Machame. Ndege na nyuki huruka, na kihamba chenu kitaendelea kuhudumiwa na miti ya majirani. Ndugu yako anaweza hata kukata yote, akapata mavuno mazuri mwaka wa kwanza, akasema mlimwonea. Wasiwasi wetu ni kwamba hoja yake inatolewa katika familia nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu vijana wako mijini, bei ya kahawa haitabiriki na mbao zinanunuliwa papo hapo. Na kila familia inategemea kivuli cha jirani ambaye naye anapiga hesabu hizo hizo.

Kama kivuli kimezidi kweli, na kinaweza kuzidi, mwiteni mkwezi apunguze matawi ya chini kabla ya mvua za masika, kisha mngojee msimu mmoja. Mgrivea uliopandwa karibu na nyumba unaweza kukatwa kwa ajili ya mbao bila majuto makubwa, maana ulitoka Australia na hukua haraka. Mfuruanje muuacheni mama auamulie.